Mwizi wa Bi Květa

Bi Květa alipanda kilima na begi mgongoni, moyo wake umetulia tuli. Alikuwa na miaka sabini na moja, kimo chake kilizidi jiko kidogo tu, na hakuwa na shaka hata chembe kwamba mwizi amekuja. Februari kumi na tisa mfululizo mwizi yule hakuwahi kumwangusha. Angemwangushaje mwaka huu, mwaka ambao kila kitu kilikuwa mikononi mwake?

Huko chini, kando ya mto Sázava, binti yake Radka alikuwa bado anahangaika na gari kwenye matope. Mapatano yao waliyaweka Oktoba, siku ya kufunga kibanda chao cha mapumziko kwa ajili ya baridi. "Mama, baba hayupo tena," Radka alisema siku hiyo. "Nani atapasua kuni? Nani atapanda juu ya paa? Tuuze."

"Siwezi kuuza. Kuna mtu anakitegemea kibanda hiki."

"Mtu gani?"

"Mwizi."

Radka alifungua mdomo kama anataka kusema neno, akalimeza. "Haya," akasema. "Mwizi akija kipupwe hiki, habari ya kuuza hutaisikia tena kinywani mwangu. Asipokuja, tunauza. Sawa?"

"Sawa," akajibu Bi Květa, na kimoyomoyo akamwonea huruma mwanawe kwa kukubali kushindwa kirahisi namna ile.

Kibanda chenyewe usikidhanie makubwa. Kilikuwa mita nne kwa nne, na marehemu mumewe, Olda, alikijenga kwa mbao za makasha ya mashine kutoka kiwandani kwake. Alijenga vizuri, ila alikuwa na haraka, kwa hiyo kwenye ukuta wa upande wa kitanda palisomeka mpaka leo JUU, na mshale wake ukielekea chini. Madirisha yalitoka kwenye basi bovu. Na kila kilichokufa kule mjini walikoishi, kiti, redio, sufuria, zulia, hakikutupwa. Kilipelekwa kibandani kumalizia uzee wake. Kiti kilichokataa kukaliwa mjini, kibandani kilikaliwa miaka thelathini mingine.

Humo waliishi watu wanne kila kiangazi: Olda, Květa, Radka, na mama mzazi wa Olda, aliyekoroma hata akiwa macho. Ukitaka kufungua mlango wa jiko, lazima mmoja apande kitandani. Ukitaka kuvaa suruali, toka nje. Usiku walilala kama dagaa, na bega la mtu likichoka, hageuki peke yake, maana hakuna nafasi. Anasema, "Geuka," na wote wanne wanageuka, bibi naye anageuka huku anakoroma. Maji walichota mtoni, choo kilikuwa nyuma ya mti wa msonobari, na mvua ikinyesha walicheza karata juu ya kitanda huku wanakula supu ya uyoga kutoka sufuria moja. Bi Květa hakuwahi kuwa na raha kama ile, na asikudanganye mtu kwamba raha inahitaji vyumba.

Sasa habari ya mwizi. Kipupwe kimoja mtu alivunja mlango kwa mtaimbo, akaiba redio ambayo hata haikuwa inasema. Redio haikumuuma mtu, ila mlango ulimuuma Olda wiki nzima. Basi wakaanza kufanya kama wenzao wote wa vibandani: baridi ikija, huweki kufuli. Unaacha mlango wazi, unaweka mezani chupa ya ramu na chakula kidogo, na barua ya kumwomba mgeni asiharibu kitu. Majirani waliandika mstari mmoja. Bi Květa aliandika hivi:

"Ndugu Mwizi, mlango hauna kufuli, usiuvunje. Ramu iko mezani, samaki wa kopo wako kabatini, matango ya siki chini ya kitanda. Kuni ziko nyuma. Vua viatu. Usivute sigara kitandani. Květa."

Walipofungua Aprili, chupa ilikuwa imeshuka nusu, na chini ya barua pameandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa: "MAMA MWENYE NYUMBA, VIATU NIMEVUA. MATANGO YAKO YAMENITOA MACHOZI KWA UTAMU. BAWABA ILIKUWA INALIA, NIMEITIA MAFUTA. KITANDA NI KIFUPI. MWIZI. 14 FEBRUARI."

Bi Květa aliisoma mara nne. Kisha akamgeukia Olda, mtu ambaye akila tango anatafuna, anameza, anasema "haya", basi. "Umeona?" akamwambia. "Mwizi anajua kushukuru."

"Mwizi huyo hana akili," alisema Olda.

Toka hapo mwizi hakukosa mwaka. Alinoa visu. Aliziba matundu ya panya. Alilalamika kuhusu ramu ("YA MWAKA HUU NI YA WATOTO") na kuhusu kitanda, kila mwaka kitanda. Mara moja aliandika: "ILE PICHA YA UKUTANI, UMETOKA KUOGA MTONI, NIMEITAZAMA SANA. MUMEO ANA BAHATI." Bi Květa aliibeba barua hiyo kibanda kwa kibanda, mpaka mzee Hromádka, jirani yao wa chini, akauliza kama mwizi huyo anaweza kuja kwake pia.

"Huyo mtu anakutaka," Olda alinung'unika.

"Afadhali yupo anayenitaka."

Olda akainamia sahani yake, masikio mekundu. Maskini, ana wivu, Bi Květa aliwaza, akamwongezea viazi. Barua alizitunza kwenye kopo la biskuti pale kibandani, ila ile mpya aliibandika ukutani mwaka mzima, na nyakati ambazo Olda alimkera, alilifungua kopo akasoma moja.

Kwa upande wa Olda, shida yake ilikuwa meno. Kila Februari jino lilimshika, na daktari aliyemwamini alikuwa mmoja tu, tena mbali, saa mbili kwa treni. Aliondoka alfajiri, akarudi jioni amechangamka, ananuka ramu. Ni dawa ya ganzi, alisema. Bi Květa alimpikia uji mwembamba asije akaumia.

Basi siku hii ya Aprili alifika mlangoni, akausukuma, akaingia.

Chupa ilikuwa mezani. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni, na juu yake vumbi. Barua yake ilikuwa pale pale alipoiacha, na chini ya jina lake hapakuwa na kitu.

Alitazama kabatini: samaki. Chini ya kitanda: matango, kifuniko hakijaguswa. Akaketi. Labda ameugua, aliwaza. Labda amefungwa, mtu mzuri kama yule. Halafu akayatazama yale maneno ya mwisho ya barua ya mwaka jana, aliyoibandika ukutani karibu na mshale wa JUU: KITANDA NI KIFUPI.

Olda alikuwa na kimo cha mita moja na sentimita tisini na mbili. Miguu yake ilining'inia nje ya kitanda kile kiangazi baada ya kiangazi.

Na Olda, alipofariki Julai iliyopita, alizikwa na meno yake yote thelathini na mawili.

Bi Květa aliziba mdomo. Kicheko kilimtoka hata hivyo, kikageuka kilio njiani, kikarudi kuwa kicheko, mpaka mwenyewe hakujua analia au anacheka. Ganzi! Na uji alimpikia. Miaka kumi na tisa mume wake alimsifia matango kwa herufi kubwa, akamtazama pichani, akamwambia mumeo ana bahati, kisha akakaa mezani kumwonea wivu mtu ambaye ni yeye. "Mjinga wewe," akakiambia kitanda. "Si ungesema tu." Lakini alijua asingesema. Ndiyo maana alipanda treni.

Sauti ya Radka ilisikika bondeni. Alikuwa amenaswa na mzee Hromádka, ambaye hamwachii mtu kabla hajamweleza habari za mgongo wake. Dakika kumi, pengine kumi na tano. Bi Květa akanyanyuka, akafuta macho, akafungua chupa.

Kumwaga ramu hakuweza, malezi yake hayakuruhusu. Akanywa. Glasi ya kwanza ilimchoma, ya pili ilimpoza, ya tatu akaiona fupi. Akafungua samaki, akala wima, mafuta yanamchuruzika kidevuni. Akala matango manne, na kweli yalikuwa matamu. Kumbe hakuwahi kuyaonja vizuri. Akajilaza kitandani na buti, akakumbuka, akavua, akajilaza tena, akajigaragaza mpaka shuka likakunjamana. Mwisho akatafuta penseli.

Radka aliingia na maboksi mawili ya kufungia vitu. Ameshayanunua kabisa, mtoto huyu. Akayaweka chini. Akaona chupa, akaona kopo la samaki.

"Amekuja," alisema Bi Květa. Ukingo wa jiko ulimsaidia kusimama.

Radka aliichukua barua akaisoma kwa sauti. "Mama mwenye nyumba, nimechelewa kidogo mwaka huu. Matango ni matamu sana. Kitanda ni kifupi kama kawaida. Usiuze. Mwizi." Akainua uso. "Amejuaje kwamba tunauza?"

"Wezi wanajua mambo mengi."

"Na kitanda ni kifupi." Radka alimpima mama yake kuanzia utosini mpaka kwenye soksi, safari ambayo haikuchukua muda. "Kwake huyu mwizi."

"Barua si yangu," alisema Bi Květa, akapata kwikwi.

Radka alikaa kwenye kile kiti kibovu, akaisoma barua tena kimya kimya. Kisha akalishusha kopo la biskuti kutoka rafuni, akaikunja barua, akaiweka juu ya zile nyingine. Maboksi akayasukuma nje kwa mguu.

"Mapatano ni mapatano," alisema. "Hatuuzi."

"Wewe ulijua," alisema Bi Květa. "Oktoba ulijua kabisa kwamba hatakuja."

"Nani alikuwa anamkatia baba tiketi ya treni, mama? Nisamehe." Alimfuta mama yake mafuta kidevuni kwa kiganja, kisha akajimiminia ramu kidogo kwenye glasi ile ile. "Ila sikiliza. Mwakani Februari, jino likikuuma, usipande huku peke yako. Nitakuleta."

"Mwanangu, meno yangu yote ni ya bandia."

"Ya baba yalikuwa mazima," alisema Radka, "na yalimuuma miaka kumi na tisa."