Kila Akipewa Kitabu Anakirudisha

Ukuta unaotenganisha darasa langu la pili na darasa la kwanza ni wa plaiwudi, na sikio langu halina adabu. Kwa hiyo nilizijua habari za Nukta kabla sijamtia machoni. Kila asubuhi, watoto wakishamaliza kuimba ba be bi bo bu, nilimsikia mwenzangu tunayemwita Miwani akisema, "Haya Nukta, zamu yako." Kisha kimya. Kisha, "Usinipe mimi kitabu, mwanangu. Soma wewe." Kisha kimya kingine, kirefu zaidi.

Nukta ni jina alilobandikwa kwa udogo wake. Dada yake yuko darasani kwangu, na huyo ukimpa kitabu anakimaliza kama mtu anayekimbizwa. Hilo ndilo lililoninyima raha. Tumbo moja, nyumba moja, mmoja husoma mpaka umwambie basi, mwingine hata "baba" halimtoki! Mtu mwenye akili zake angeshughulika na darasa lake. Mimi nikiona kitu nisichokielewa, naanza kuwashwa.

Na Miwani si mvivu, niseme hilo mapema. Alikuwa ameshajaribu kadi za picha, nyimbo, michezo ya kupiga makofi kwa kila silabi. Hadithi akisomewa, Nukta alijibu maswali yote, na vichekesho vyake alivicheka kabla ya wenzake. Lakini mpe kitabu mkononi, anakitazama kidogo, kisha anakugeuzia wewe. Ubaoni ndiyo kabisa, alikuwa akitazama tu.

Muhula ulikuwa unaisha, na Mkuu wa shule alikuwa ameshatoa neno. Ijumaa angemsikiliza Nukta mwenyewe, ofisini. Asiposoma, anarudia darasa la kwanza.

"Akirudia atazima," Miwani aliniambia, machozi yakimlengalenga. "Namwona anavyojikunja siku hizi. Sijui nimemkosea wapi, mwenzangu."

Jumatano jioni nikapeleka gauni kwa mama yao, ambaye ni fundi cherehani. Gauni lenyewe halikuwa na tatizo lolote. Nililifumua pindo kwa mkono wangu ili nipate sababu.

Chumba chao ni kidogo. Cherehani iko mlangoni, na katikati kuna meza ya kukatia, nusu yake imejaa vitambaa vya wateja. Dada mtu alikuwa amekaa upande wa dirishani, kitabu mbele yake, anasoma kwa sauti. Nukta alikuwa amepiga magoti juu ya kigoda upande wa pili, viwiko mezani, uso karibu uingie kitabuni.

"Mbona hakai na dada yake?" nikauliza.

"Hapo pembeni pana nguo za watu, mwalimu, na mikono ya hawa watoto naijua," alisema fundi, pini ziko mdomoni. "Tangu mkubwa aanze shule, mdogo kituo chake ni hapo. Hapo hapo kila jioni."

Nikawa nakaribia kusema kitu kuhusu pindo, mara Nukta akamkatiza dada yake.

"Umeruka."

"Sijaruka."

"Umeruka, hapa." Akausoma mstari mzima ulioachwa, neno kwa neno.

Wazo la kwanza likawa kwamba kakariri, maana watoto wana kichwa cha ajabu. Nikafungua mkoba, nikatoa kitabu kipya ambacho shule nzima ilikuwa bado haijagawiwa, nikamwekea mbele yake, sawasawa, kama mwalimu yeyote anavyomwekea mtoto kitabu. Akakitazama. Akanitazama. Kisha akakigeuza kikaelekea kwangu.

Maneno yalishafika kwenye ulimi: usinipe mimi, soma wewe. Sijui ni nini kilichonizuia, kwa sababu kunyamaza si kipaji changu. Nukta akaegemea viwiko vyake juu ya kitabu kilichopinduka kichwa chini, akasoma.

"Mbuzi amekula kofia ya mjomba. Mjomba anamkimbiza." Akacheka peke yake.

Cherehani ikanyamaza. "Kuna kosa, mwalimu?"

"Hakuna kosa, fundi. Mtoto wako anasoma. Anasoma kutoka upande wa pili wa meza."

Mama yake alitoa pini mdomoni moja moja. "Juzi nilimgombeza," akasema. "Nilimkuta na kitabu kichwa chini, nikadhani ananichezea." Akamvuta mtoto, akamkumbatia na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Kesho yake nilipomsimulia Miwani, alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Tukaenda kwa Mkuu pamoja. Mkuu hakucheka.

"Kushika kitabu vizuri ndilo jambo la kwanza analofundishwa mtoto," alisema. "Mnataka nimpandishe darasa asiyejua hata hilo? Ijumaa nitamsikia."

Ijumaa, mimi na Miwani tukiwepo, Mkuu akachagua kitabu mwenyewe kutoka kabati lake, akamwekea Nukta ng'ambo ya meza. Nukta akakigeuza. Mkono wa Mkuu ukanyooka kukirudisha, kwa mazoea tu, kama mikono yetu sote.

"Mkuu, mkono!" Ilikuwa sauti ya Miwani, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti. Mkuu akaurudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

Nukta akaweka viwiko mezani, uso karibu na ukurasa. Kisha akaanza. Alisoma polepole. Alikwama kwenye neno refu, akalikata vipande vipande, akaliunga, akaendelea mpaka chini ya ukurasa.

Mkuu alikohoa. "Anakwenda darasa la pili," akasema. "Lakini atashika kitabu hivyo mpaka lini?"

"Nitamgeuzia kidogo kidogo," nikasema. "Leo kilale ubavu, mwezi ujao kisimame. Macho yakishaizoea njia, hayapotei."

"Hivi ugumu wenyewe ukoje?" Udadisi ulikuwa umemshika Mkuu naye. Akakivuta kitabu, akakipindua mbele yake, akavaa sura ya kazi. "Ma... mwa... hapana. Mwe..." Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso. Akatutazama mimi na Miwani, kisha akatazama chini.

Nukta akashuka kitini, akaizunguka meza, akasimama karibu na kiwiko chake. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Anza hapa, Mwalimu," akamwambia kwa upole. "Usiogope. Hatukucheki."