Daktari Aliyetaka Kusikia Tarumbeta

Nimezunguka sana. Nimelala bandarini, nimelala kwenye maghala ya pamba, na kila nilikofika tarumbeta ndiyo iliyonilisha. Uzeeni nikatua, nikaoa fundi cherehani, nikaingia bendi ya harusi. Na uzeeni huohuo nikataka meno yangu yanyooke.

"Meno ya nini, na kaburi linakuchungulia?" shemeji yangu akauliza.

"Nataka linichungulie nimependeza."

Hofu yangu ilikuwa moja tu. Jino langu la mbele limekaa upande, limempa mgongo mwenzake kama wake wenza waliogombana, na mdomo wa tarumbeta umezoea kuegemea hapohapo. Jino likihama, je, sauti itabaki? Bila sauti ile, mimi ni mzee mwenye meno mazuri, basi.

Mke wangu akasema daktari wa kupanga meno tutamchagua kama watu wanavyochagua fundi nguo. "Asiyepima vizuri na asiyejaribisha, simpi kitambaa changu."

Kitambaa chenyewe ni mimi.

Daktari wa kwanza alikuwa na viti vya ngozi na runinga ukutani, watu wanatabasamu humo bila sababu. Akapitisha kikamera mdomoni mwangu, na palepale kwenye kompyuta nikaona meno yangu yanatembea yenyewe, yanajipanga kama askari wa gwaride. Nilitaka kuibusu ile kompyuta.

"Kujaribisha ni lini?" mke wangu akauliza.

"Hakuna haja, mama. Kuna vifuniko vya plastiki visivyoonekana, vinavyosukuma meno; tunamtumia vyote nyumbani, anavaa kimoja baada ya kingine."

"Visipomkaa?"

"Vitamkaa."

"Na tarumbeta?" nikauliza mimi.

"Atazoea," daktari akamjibu mke wangu, kama vile mimi nimekwenda chooni.

Mke wangu akachukua mkoba wake.

Daktari wa pili, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, alikuwa juu ya duka la misumari. Akabonyeza fizi zangu, akapiga picha za mifupa, akasema fizi zitibiwe kwanza, meno hayasukumwi kwenye fizi zinazotoka damu.

"Mnaacha upindo?" mke wangu akamuuliza. "Maana mtu hunenepa."

Daktari hakucheka. "Meno hayanenepi, mama, ila yanapenda kurudi yalikotoka. Ndiyo maana tutaonana mara kwa mara, na tukimaliza atakuwa na kifuniko cha kulalia."

Mke wangu akanikonyeza. Huyu anajaribisha.

"Mzee, kazi yako nini?" daktari akaniuliza.

"Napuliza tarumbeta."

Akashusha barakoa. "Kesho njoo nayo. Sipangi kitu kabla sijakuona unapuliza."

Kesho yake nikapuliza nimekaa kwenye kile kiti, yeye ameinama na kioo chake kidogo, anatazama mdomo wa tarumbeta unapolalia. Nikaanza polepole, kisha nikasahau niko wapi. Mlango ulikuwa wazi. Bwana mmoja mwenye shavu lililovimba akaanza kutikisa bega, dada wa mapokezi akawa anagonga meza, aliyekuwa akideki akacheza na mti wa deki.

Daktari akanigusa mkono, nikanyamaza.

"Vifuniko utavivua ukila na ukipuliza. Lakini hilo jino lako, nikiligeuza, sauti inaweza kuhama, na siwezi kukuahidi kwamba itarudi. Nikiliacha, mengine yatanyooka na lenyewe litabaki na ubishi wake. Chagua."

Nikamtazama mke wangu.

"Liache," nikasema. "Na hayo mengine ni yako, daktari. Sizunguki tena."

Akavaa barakoa. "Basi tunaanza na fizi. Fungua mdomo."

"Ngoja kwanza, mwanangu," mke wangu akamwambia, tayari ameshika kiuno, anataka kucheza. "Amekatisha wimbo katikati."