Kiraka cha Kahawia cha Orpha

Delphine alipotoka na ndoo ya maji ya kuku, kiraka kilikuwa kimerudia kuwa cha kahawia.

"Wewe ubao una wazimu," alisema.

Ubao ulikuwa juu ya ukuta wa mbele wa banda la kuhifadhia nyasi, wazima moto wa kujitolea walikoupandisha kwa lori lao la ngazi, ukaufunika mlango wa dari. Aliuchora mwenyewe, akinakili blanketi la viraka la marehemu mama mkwe wake, Orpha: nyota ya buluu juu ya weupe. Blanketi lilikuwa na kiraka kimoja cha kahawia. Macho ya bibi yalikuwa yamechoka, Delphine aliwaza, na ubaoni akakipaka buluu. Kahawia ikachomoza. Akaegemeza ngazi, akapaka tena. Ikachomoza tena.

Na leo Fern Stidham wa kamati alikuwa anakuja kuukagua. Akiukubali, banda lingeingia kwenye ramani ya mabanda yenye michoro, watalii wapite, na mumewe Harlan asingepata tena uso wa kulibomoa. Tayari alikuwa ameshaita buldoza. Tangu mdogo wake Lyle aanguke kutoka dari lile na kufa, wakiwa watoto, Harlan hakuwahi kutia mguu mle. Delphine alimhurumia, lakini paa lilikuwa zima, na ng'ombe wangelala wapi theluji ikianguka?

Fern alishuka garini, akakunja uso. "Shoga, nyota yako ina jino bovu."

"Usinichekeshe. Nyumbani kwangu hakuna rangi ya kahawia, hata ya viatu."

Harlan alikuja kutoka uani, akasimama ghafla penye uzio.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Hilo shati la Lyle. La siku ile. Mama alilikata, akalishona kwenye blanketi. Akina mama wa huku wote hufanya hivyo, nguo ya marehemu haitupwi."

"Mimi nilipaka buluu, Harlan. Kila mara nilipaka buluu."

Hapo nyuma ya ubao kukagongwa. Taratibu, kama visigino vya mtoto aliyekaa ukingoni akining'iniza miguu. Fern alianza kutafuta funguo za gari mkobani.

"Ni panya," Delphine alisema, wala hakujiamini.

Harlan alivua kofia. Alivuka uwanja, akausukuma mlango wa banda, akaingia. Walisikia ngazi ya ndani ikilalamika chini ya uzito wake. Kugonga kukakoma. Ikaja sauti yake, ya chini, ya kubembeleza, kama ya mtu anayemwambia mtoto asiogope, ashike hapa, aweke mguu pale.

Kisha ngazi ikalia tena. Nyayo nzito zikishuka, na juu yake nyingine, nyepesi.

Badala ya funguo, Fern alikuwa ameshika kalamu. "Nyota ya rangi gani niandike?"

"Ya buluu," Delphine alisema, macho hayabanduki mlangoni. "Na kahawia. Kahawia usiisahau."