Kilomita Elfu za Kwanza

Mwaka wa 1986 akina mama wa mwethya wa Kanyangi, kikundi cha kulimiana na kusaidiana, walinunua pikapu mpya ya dizeli. Walikuwa wamesuka vyondo na kufuga mbuzi miaka sita ili waipate. Dereva akawa Ndolo, maana kati ya waume zao ni yeye tu aliyekuwa na leseni. Mkewe Syokau ndiye aliyekuwa katibu wa kikundi, kwa hivyo kijitabu cha gari kilikaa kwake.

Alikisoma na kamusi kando, kisha akamweleza mumewe. Kilomita elfu za kwanza asipite sitini kwa saa. Asijaze mzigo. Asilazimishe injini mlimani kwa gia kubwa. Asubuhi aiache injini ipate joto kabla ya kuondoka, chujio la hewa likung'utwe vumbi, na maji yanayotuama chini ya chujio la dizeli yamwagwe. Elfu moja ikitimia, oili yote ibadilishwe. Ndolo alisema hilo ni gari, si mtoto mchanga, lakini alifuata. Wiki ya tatu walikuwa wamefika kilomita mia tano na kitu.

Ndipo shangazi yake Syokau akafariki huko Tseikuru, naye akaenda matangani siku nne. Aliporudi, hata kabla hajatoka sokoni, mama mmoja alimpongeza: mchanga wa kujengea nyumba ya mchungaji umefika wote, na gari lao ndilo lililoubeba. Syokau alienda nyumbani mbio mbio, kifurushi kichwani.

Alimkuta Ndolo uani, boneti iko wazi, anamimina maji kwenye rejeta. Syokau alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya tena. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa; ilikuwa imeingia maji.

Ndolo alieleza bila kumtazama. Mchungaji alimwomba mbele ya kanisa zima, naye ni mzee wa kanisa, angekataaje? Walipakia mchanga wa mto hadi juu, safari tano. Safari ya tatu maji ya rejeta yalichemka. Aliongeza mengine, akaendelea, kwa sababu mwashi alikuwa anangoja.

"Ilichemka, na ukaendelea?"

"Ilikuwa kazi ya Mungu, Mama Muli."

"Mungu hakukuomba mchanga. Aliyekuomba ni mchungaji, na ng'ombe wa kuvuta mkokoteni wa mchanga wapo."

Kesho yake alimwita fundi Jabiri kutoka Kitui mjini. Jabiri alifungua injini uani pale pale. Gasketi inayozuia maji yasiingie kwenye oili ilikuwa imeungua, na ukuta wa silinda moja umekwaruzwa. Alisema itatengenezeka, lakini itakula oili maisha yake yote. Waliowauzia gari nao walikataa kusaidia. Mzigo ulizidi, wakasema, na kijitabu kilikataza.

Jioni hiyo mwenyekiti wa kikundi, Ndinda, alikuja kumsihi Syokau. Gari limeharibika, basi, lakini jambo lenyewe ni la kanisa, na mwenye makosa ni mume wake. Afadhali alinyamazie. Maneno hayo yalimchoma Syokau kuliko ile oili.

"Miaka sita vidole vyako vimepasuka kwa kusuka," alimwambia. "Mchungaji alisuka chondo gani?"

Mkutano wa kikundi ulifanyika Jumamosi katika darasa la shule. Mchungaji alifika bila kualikwa, akafungua kwa maombi, akaanza kusema juu ya kusameheana. Syokau alibaki amesimama hadi mchungaji akanyamaza. Kisha akasoma ukurasa ule wa kijitabu kwa Kikamba, mstari kwa mstari, akakumbusha kwamba dereva alielezwa yote. Akaomba Ndolo arudishe funguo.

Mikono ikainuka, mmoja mmoja. Wa Ndinda ulikuwa wa mwisho. Ndolo aliweka funguo mezani, akatoka. Akahamia nyumba ya mamake, na kwa miezi miwili chochote alichotaka kumwambia mkewe alimtuma mtoto wao Muli.

Gari lilipopona, Jabiri aliagiza liendeshwe polepole upya kama siku ya kwanza. Kikundi kilimwajiri Nzioka, mzee aliyestaafu udereva wa malori. Alikuwa hajui kusoma, kwa hivyo alimwomba Syokau amsomee kijitabu chote, mara mbili.

Asubuhi moja Nzioka alikuwa anapasha injini joto waende Kwa Vonza na magunia ya mbaazi. Moshi wa buluu wa oili inayoungua ulitanda uani. Ndolo alisimama kando ya ua, mikono mfukoni.

"Mwangalie oili kila mnapojaza dizeli," alisema. Hakumtuma mtoto safari hii.

Syokau alijua ilivyomgharimu kusema hivyo. Alijua pia kwamba kama angefungua mdomo kusema zaidi ya neno moja, angemtukana mbele ya mzee Nzioka.

"Najua," alijibu, akapanda, akavuta mlango. Nzioka akatia gia ya kwanza.