Ukuta Mweupe wa Rubani Migil

...na huyu kijana niliyeketi naye kwenye benchi la mawe la kibanda cha Kaltun bado ameiinua penseli juu ya karatasi yake kama daktari anayetafuta pa kudunga sindano, "Haya, ami Darar, alama ilikuwa wapi hasa?", nami nimejaza mdomo chai ili nisiwe na mdomo wa kujibia, chai ya Kaltun ambayo leo imekolea iliki kwa heshima ya mgeni, siku nyingine iliki inapita karibu na birika, inatoa salamu, inakwenda zake... alama, anataka alama ya mkondo, maana bahari ya Zeila ni ya kukunja nguo tu, unatembea nusu saa maji hayajavuka goti, kina kiko mahali pamoja tu, chembamba, kinajipinda katikati ya matumbawe kama utumbo wa mbuzi, na boti yao ya kupimia imeshakwama mara mbili, mara ya pili tukaisukuma sisi wenyewe, wazee wazima, tumekunja vikoi, mimi nikiimba kama harusini, wakacheka mpaka boti ikatoka... "Tukiupata mkondo wa asili, ami, uchimbaji unapungua, na wakubwa wataileta gati hapahapa, tusipoupata kesho tunahamia mbele," kasema hivyo kwa upole, kijana mzuri, Idiris, mhandisi kutoka Hargeisa, viatu vyake havijawahi kuonana na mavi ya ngamia... gati, Zeila ipate gati, Zeila hii iliyoiuzia dunia kahawa na ngozi na manyoya ya mbuni, leo inauza nini, inauza kunguru, na hata kunguru wenyewe ukiwatazama vizuri wanaangalia upande wa Jibuti... "Leo Darar kameza ulimi!" Kaltun huyo, yuko nyuma ya birika, na mzee Buuh pale chini anajibu, "Mwache, bibi, anautafuta mzaha, mzaha mzuri kama mimba, haukimbizwi," wakacheka, nami nimecheka nao, chai imenitoka puani, na penseli iko palepale.

Kwa nini hawasemi wao, Buuh kabeba mizigo miaka arobaini, kaivusha majini mpaka kifuani, ukuta anaujua, kila mtu anaujua, ukuta wa ghorofa ya nyumba yetu uliopakwa chokaa kila mwaka pepo za joto zikikoma, wanawake wakipiga vigelegele, lakini pembe ipi, mnara wa msikiti uifunike pembe ipi, hilo halisemwi na mdomo wa nje ya nyumba ya rubani, ndiyo desturi, mji mzima ufe kwa kiu ya gati lakini desturi ibaki na afya... "mnara na pembe ya baharini vikishikana, pita, vikiachana, toa shahada," baba huyo, Rubani Migil, akituambia mimi na kaka yangu Waberi tukiwa tumepakaa chokaa mpaka kwenye nyusi, na mimi nikaanza kutembea kama mzimu wa mzungu, baba akacheka akakaa chini, na Waberi hakucheka, Waberi alikuwa anautazama mnara... mimi nikarithi kicheko, yeye akarithi bahari, mgawo wa haki kabisa, nani angelalamika.

"Ami?" naam mwanangu, nakuja, niko njiani, nimefika mwaka ule wa harusi ya binti yangu, ukuta umeinama, majahazi yenyewe ni mawili matatu, manahodha wana vidude vya setilaiti, nani tena anatazama chokaa, na Kaltun anataka mawe ya kujengea kibanda chake na atanipa mbuzi wa karamu, nami nikapanda juu na sururu, Mungu wangu, nilipanda kama mtu anayepanda jukwaani, nikapiga kelele, "Huyu ukuta kazeeka na mimi nimezeeka, mmoja wetu lazima ashuke!", na mji wote chini ukacheka, watoto wakabingiria mchangani, kila jiwe lililoanguka nililitungia jina la mke wa mtu, sijawahi kuchekesha vile, kabla wala baada... na Waberi yuko ng'ambo, Mukha, anapakia biskuti na milango ya chuma, nikasema akirudi nitamwambia, nitamwambia kwa mzaha, kaka, nimeipunguzia nyumba yetu kilemba...

Siku kumi na moja baadaye, jahazi lake likirudi. Alfajiri. Kidude cha setilaiti cha Waberi walikikuta baadaye kimekufa, kimejaa maji, kilikufa lini nani ajuaye, naye asingehangaika, angeinua macho tu, mnara ule pale, na ukuta... alitafuta kwa muda gani, hilo ndilo, si kufa, watu wanakufa, ni ule muda wa kutafuta, kaka yangu amesimama na usukani anatafuta kitu cheupe, anayapangusa macho yake, anadhani macho yake ndiyo yenye kosa... tukamwokota mikokoni pamoja na biskuti, nao watu wakasema ajali ya Mungu, mawimbi, ya Mungu hayana mwamuzi, na dada yangu Ambaro akaleta sanda akasema neno moja, "Alikuwa anaijua njia," akaondoka.

Miaka tisa nimewachekesha ili wasiwaze, nami nikajisifu, Darar wewe fundi, umewafunga macho mji mzima... na sasa namtazama Buuh pale kwenye mkeka, Buuh ambaye hakai kwenye benchi hili, miaka tisa anasema "mgongo, mgongo," lakini mtu mwenye mgongo mbovu hukaaje chini, ardhini, akainuka kwa mikono miwili kila adhana, ni wapi mtu wa mgongo anakimbia benchi... na Kaltun, mbona hainywi chai yake ameketi humu, na Ambaro yule kule, amesimama juani nje ya kivuli, ndoo ya chokaa mkononi, hajawahi hata siku moja kukaa hapa, kila mwaka anapaka kile kisiki cha ukuta kilichobaki, kimo cha goti, nami nikimwambia mbele za watu, dada unampamba ajuza kwa harusi gani, na watu wanacheka, wanacheka haraka, wanacheka kabla sijamaliza... kabla sijamaliza! Wanajua. Wote. Siku zote walijua, na wamekuwa wakinichekea kama unavyomshika mkono mtu anayepita ukingoni, polepole, bila kumwambia kuna shimo.

"Ami Darar, alama," na penseli haijashuka, na chai imepoa, na Ambaro hatingishiki, na mzaha, natafuta mzaha, hakuna, sanduku tupu, ulimi wangu mzito kama wa mtu mwingine, labda wa Waberi, yeye ndiye aliyekuwa akisema kidogo.

"Umeukalia, mwanangu."