Dada Aliyetaka Gauni la Bluu

Mimi ni fundi rangi wa magari. Kwa miaka kumi na saba nimekuwa nikipuliza rangi kwenye milango na boneti za watu, na siku za mapumziko nachora kwenye vipande vya mbao kwa mabaki ya makopo. Gereji nzima inaniita Msanii, na kila wanapoita wanacheka.

Mwaka juzi mkutubi wa maktaba ya mtaani kwetu alinipa ukumbi kwa siku tatu. Nikapeleka picha kumi na moja. Kumi zilikuwa za maua, mapaa ya nyumba na paka wa jirani. Ya kumi na moja ilikuwa ya dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa mshonaji, tena mrembo hasa. Wanaume walichana suruali nzima makusudi ili wapate sababu ya kwenda kwake. Kisha kiharusi kikampiga. Mdomo ukaenda upande, jicho la kushoto likagoma kufumba, mkono mmoja ukafa. Tukamhamishia kwetu, chumba cha nyuma. Mke wangu akawa anamwogesha, mimi namlisha.

Nilimchora mchana mmoja akiwa amelala, jicho lile wazi, ute ukimtiririka kidevuni. Alipoamka akaniona na brashi.

"Unachora nini?"

"Nakuchora wewe, Dada."

Nusu ya uso wake ikachangamka. "Humo kwenye picha nivalishe lile gauni langu la bluu," akasema kwa ulimi mzito.

"Sawa," nikamwambia.

Siku ya ufunguzi akaagiza avalishwe gauni hilohilo, asukwe, apakwe poda. Mke wangu, ambaye alishaiona picha, akanivuta jikoni.

"Itoe."

"Ndiyo nzuri kuliko zote."

"Basi mwambie asiende."

"Mwambie wewe, si wifi yako?"

Hakuna aliyemwambia.

Tulipoingia na kiti chake cha magurudumu, mwalimu wa sanaa kutoka chuo fulani alikuwa amesimama mbele ya picha hiyo na wanafunzi wake. "Tazameni huo ute," alikuwa akisema. "Tazameni jicho. Mchoraji hakumwonea huruma hata kidogo!"

"Anatisha kama maiti," msichana mmoja akasema.

Wakageuka, wakamwona. Wakatazama picha, wakamtazama yeye, kama askari anayelinganisha kitambulisho na mwenyewe. Mmoja akashindwa kujizuia, akacheka puani.

Dada aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Gauni liko wapi?" akauliza. Halafu akanigeukia. "Mdogo wangu, nilikukosea nini?"

Wakati huohuo mwalimu alikuwa amenishika bega, akitaka kujua kama ningeweza kwenda kuzungumza na wanafunzi wake. Nilimjibu mwalimu kwanza. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa tayari anakisukuma kiti kuelekea mlangoni. Mimi nilibaki mpaka ukumbi ulipofungwa, nikipeana mikono na watu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuitoa. Sababu naijua. Hakuna mtu aliyewahi kukitazama kitu changu zaidi ya dakika moja, na nilijua mbele ya picha ile watasimama.

Tangu siku ile Dada hakukubali nimlishe. Kila nilipoingia, alivuta shuka kwa mkono wake mzima akajifunika uso. Nikawa naongea na shuka. Baada ya miezi minane akafariki.

Siku ya mazishi, jamaa waliingia mmoja mmoja kumuaga. Zamu yangu ilipofika, mke wangu akasimama mlangoni.

"Huingii."

"Ni dada yangu!"

"Aliniapisha. Alisema wewe ulishamtazama vya kutosha."

Nikabaki koridoni na viatu vya wageni mpaka walipomtoa.

Ile picha sasa iko chuoni, kwenye ukuta wa darasa. Mwalimu ananihimiza nifanye maonyesho mengine, na mkutubi ameshanipa tarehe. Nimeikubali.