Zamu ya Lango

Sir Aeneas MacOrran alikuja kuniomba kaburi yeye mwenyewe, kwa miguu yake, mwezi wa Machi, akiwa amebakiwa na pumzi za kuhesabika.

Nataka hilo lieleweke kabla ya mengine. Hatukumfuata, wala hatukumtega. Yeye, mkuu wa ukoo, mwenye ngome na kanisa lake dogo ambamo mababu zake wamejipanga chini ya marumaru, alipanda kilima hadi mlangoni kwa mwanamke aliyekuwa akimzomea getini kwake tangu sote wawili tulipokuwa na meno yetu. Akavua kofia. Akasema, "Murdina, nina neno na kamati ya makaburi."

"Kamati ni mimi na kaka yangu," nikamwambia. "Fearchar yuko kwa kondoo. Kaa, usije ukanifia mlangoni, watu watasema nimekuua."

Kamati ilikuwa sisi wawili kwa sababu hakubaki mwingine. Makaburi ya Tornavaig yako ng'ambo ya kijito, chini ya magofu ya kijiji chetu. Babu wa babu yake Sir Aeneas alitaka kondoo pale badala ya watu. Watu wenyewe walikuwa na jina lake hilohilo, MacOrran, na wanaume wao walikuwa wamerudi majuzi tu kutoka vita walivyopigana kwa amri yake. Akamtuma msimamizi na mienge. Wazee walitolewa wakiwa wamebebwa kwenye mablanketi, na mapaa yakachomwa nyuma yao. Nchi ile haina miti. Boriti ya paa mtu aliirithi kwa baba yake na kuhama nayo. Ikiungua, imeungua na nyumba ya wajukuu. Wengi wakapakiwa melini kwenda Kanada. Wachache waliojificha kwenye miamba ya pwani ndio waliotuzaa sisi. Walichoachiwa ni makaburi tu, kwa sababu kaburi halimzuii kondoo kula. Na tangu hapo ikawa sheria iliyoandikwa: haki ya kuzikwa Tornavaig ni ya uzao wa waliochomewa, na mwingine yeyote sharti awaombe.

Sasa alikuwa anaomba.

"Nataka kulala na watu wangu," akasema.

"Watu wako wako Nova Scotia, huko Kanada. Nauli unayo."

Akacheka mpaka akakohoa. Sikumpa maji. "Honoria ana mpango," akasema. Honoria ni bintiye, ndiye anayeendesha ngome, mgahawa na duka. "Njia ya kutembea. Wajukuu wa waliohama wanakuja kutoka Amerika, wanaanzia ngomeni, wanapita magofu, wanaishia makaburini. Na pale wanamkuta mkuu wa ukoo wao, amerudi kwa watu wake. Ni jambo la maridhiano, Murdina."

"Na tiketi?"

"Tiketi zipo, ndiyo. Paa la ngome linavuja."

Hivyo ndivyo walivyo. Walichoma mapaa yetu, nasi tuchangie lao.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia hapana, hapana niliyokuwa nimeitunza tangu utotoni, ndipo yeye mwenyewe, kwa ulimi wake, akaniletea jambo ambalo nisingelikumbuka.

"Najua mila yenu," akasema, akitabasamu kama mtu anayemchezea mtoto. "Aliyezikwa mwisho hushika zamu langoni. Honoria ameichapa kwenye vitambaa vya kufutia vyombo. Vinauzika kuliko biskuti. Basi nitashika zamu mpaka uje, Murdina. Nitakufungulia lango mimi mwenyewe."

Bibi yangu hakuiona mila hiyo kwenye kitambaa. Aliijua kama alivyojua njia ya kwenda kisimani. Anayeingia mwisho makaburini hana pumziko: husimama langoni, mvua na theluji, akiwachotea maji kijitoni wote waliomtangulia, na haketi mpaka jeneza lingine lipite. Hapo hukabidhi ndoo. Ilipotokea misiba miwili siku moja, watu wazima walikimbia na majeneza, na bibi aliona kwa macho yake jeneza likirushwa juu ya ukuta ili marehemu wao asiwe wa mwisho. Mchungaji alilia. Hakuna aliyemsikiliza.

Na wa mwisho kuzikwa Tornavaig alikuwa mama yetu. Tulikuwa vijana wakati ule. Mama, ambaye uhai wake wote alifua mashuka ya ngome, mikono imepasuka kwa baridi, alikuwa bado amesimama pale na ndoo.

Nikamgeukia Sir Aeneas.

"Sawa," nikasema. "Utazikwa."

Alikuwa amejiandaa kwa vita. Ilimchukua muda kuvaa kofia.

Fearchar aliporudi nilimweleza, naye akakaa na buti zake zenye matope, jambo ambalo siruhusu.

"Umekunywa?" akauliza.

"Mama atapumzika, Fearchar."

Kaka yangu si mtu wa maneno. Mimi ndiye niliyesoma vitabu vya maktaba usiku na kuvinukuu kwenye vikao vya baraza la wilaya mchana, yeye alichunga. Lakini mama alikuwa wake kuliko wangu.

"Halafu?" akasema.

"Halafu zamu ni ya MacOrran mkubwa. Awachotee maji aliowachomea."

"Mpaka nife mimi. Na kwa kifua hiki sitakawia. Kwa hiyo unamfunga miaka miwili, kisha kaka yako anapokea ndoo. Akili nyingi hizo, dada."

"Si lazima uzikwe pale."

"Kufa nitafia popote," akasema. "Kulala, nitalala na Mama. Na usilirudie."

Sir Aeneas alikufa Mei. Walikuja wapiga zumari, walikuja wageni wamevaa sketi za ukoo zilizotoka dukani asubuhi hiyo, mikunjo yake bado ipo. Mama mmoja kutoka Carolina alichota udongo akautia kwenye mkoba huku akilia kweli kweli, na huyo sina ugomvi naye. Huenda ni damu yangu. Honoria alisema maneno kuhusu nyumbani na kurudi. Mimi sikusikiliza. Nilikuwa natazama lango. Jeneza lilipovuka kizingiti nilisikia, msinicheke, kishindo kidogo cha ndoo inayotuliwa chini.

Wiki iliyofuata nilimwita mkaguzi wa mambo ya kale.

Kule ngomeni, kwenye ukuta wa ukumbi wa chakula, kuna mawe matatu ya misalaba ya watawa wa kale, yamebanwa katikati ya pembe za kulungu. Yalitoka Tornavaig. Lilikuwepo la nne. Baba yangu alilipindua kifudifudi usiku ule watu wa ngome walipokuja kuchukua mengine, na wakalikanyaga wakidhani ni mwamba. Siri hiyo alitupa sisi, na sisi hatukumpa mtu. Sasa tulilipindua kwa nondo, mimi na Fearchar, na mkaguzi, Bi Tulloch, akapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa bila kujali suruali yake.

"Bibi," akaniambia, "hapa kuna kanisa chini ya makaburi. Hapa pasiguswe."

"Ndiyo ninachotaka. Pasiguswe hata kwa jembe."

Honoria alifurahi kuliko sote. Mahali palipolindwa na serikali huwekwa kwenye ramani, na mabasi hufuata ramani. Kama mwenye ardhi inayopazunguka, alitia sahihi papo hapo, akanishika mkono. "Hatimaye tunafanya kazi pamoja, Bi Murdina. Baba angefurahi."

"Subiri kwanza," nikamwambia.

Kikabaki kikwazo kimoja. Bi Tulloch alieleza: sheria itafunga makaburi kwa wote, isipokuwa wenye haki ya zamani ambao bado wanaishi hapa. Yaani mimi na Fearchar. Tukitaka, tutazikwa. Tukiiacha haki yetu kwa maandishi, sote wawili, hakuna atakayezikwa Tornavaig tena mpaka mwisho wa dunia.

Mimi nilitia sahihi kabla chai haijapoa. Nijifanye kwamba haikuniuma? Iliuma. Bibi yuko pale, na mtoto wangu aliyezaliwa bila kulia, kabla Mama hajafa, yuko pale, kwenye kona ya kaskazini. Lakini nilikuwa nimeisubiri siku hiyo maisha yangu yote, na wanaonipenda pale ndani wanajua kwa nini siendi.

Fearchar aliisukuma karatasi.

"Hapana."

"Kaka, wewe ukilala pale, yeye anaketi."

"Na akae. Mimi si wewe. Chuki yako ina nguvu, mimi miguu inaniuma."

"Walimfanya Mama—"

"Najua walichomfanya Mama. Nilikuwa namsaidia kubeba vikapu wewe ukiwa shuleni." Akavaa koti. "Miaka yote hii umekuwa ukiwapigania wafu. Mara moja tu niulize mimi nataka nini."

Nilimwacha. Wiki nyingi tulikula mezani pamoja bila kuitaja, karatasi iko nyuma ya saa ya ukutani.

Honoria ndiye aliyenisaidia. Njia yake ilifunguliwa Agosti, na Fearchar akaenda kumtembelea Mama kama kila Jumapili. Mama hakuwa na jiwe la kuchongwa. Kichwani pake tuliweka jiwe la mekoni kutoka nyumba yetu iliyochomwa, jiwe bapa, jeusi upande mmoja kwa moto wa vizazi, bila herufi hata moja. Hatukuhitaji herufi.

Alirudi amelowa, akasimama mlangoni.

"Wameweka benchi," akasema.

"Benchi gani?"

"La wageni. Watazame kaburi la MacOrran huku wamekaa. Ardhi imeinama pale, mguu mmoja wa benchi ulikuwa unacheza." Akafuta maji usoni. "Wameuwekea jiwe la Mama chini yake."

"Fearchar."

"Alikuwepo mwanamume ameketi, anakula mkate. Nikamwomba ainuke. Akainuka, mtu wa heshima, hana kosa. Nikalitoa. Kuna na ubao. Umeandikwa, 'Mkuu wa ukoo amelala kati ya watu waliompenda.'" Akakiangalia kiganja chake, cheusi kwa masizi ya zamani. "Waliompenda, Murdina."

Akaitoa karatasi nyuma ya saa mwenyewe.

"Lete kalamu," akasema. "Na uniambie niandike wapi, miwani nimeiacha kwa kondoo."

Tulilirudisha jiwe kesho yake. Amri ya kuyafunga makaburi ikatoka Novemba, na Bi Tulloch akaja kupigilia kibao cha serikali langoni: hapachimbwi, hapazikwi. Fearchar alikufa Februari. Tulimzika kwenye makaburi ya baraza la wilaya, kando ya barabara kuu, mkabala na kituo cha mafuta, ambako wafu wamepangwa mistari kama viazi. Alijua. Siku zake za mwisho aliniuliza jambo moja tu: "Bado amesimama?"

"Bado."

"Kuna theluji?"

"Imefika magotini."

Akafumba macho. Alikuwa anatabasamu, kaka yangu mpole, na tabasamu hilo ndilo lililonifariji kuliko mahubiri ya mchungaji.

Honoria alikuja mwezi wa Aprili. Hakuingia na ile sauti yake ya kupokea wageni. Alikaa kwenye kiti kilekile cha baba yake.

"Nimeomba kibali," akasema. "Kwamba siku yangu ikifika nilazwe na Baba. Wamekataa. Wanasema nilitia sahihi."

"Ulitia."

"Wamesema hata wewe umeacha haki yako. Na marehemu kaka yako." Alikuwa ameleta kitambaa kimoja cha kufutia vyombo, anakikunja na kukikunjua mapajani. "Bi Murdina, si kwamba naamini mambo haya."

"Sijasema unaamini."

"Wafanyakazi wanasema lango halifungiki tena vizuri. Ni upepo, najua. Lakini nikilala namwona. Hana koti. Baba alikuwa hawezi baridi." Akakikunja kitambaa tena. "Lazima kuna mtu mnayeweza kumzika. Mmoja tu. Mtu yeyote."

Nilimtazama, na nilitafuta moyoni kama kuna huruma. Nilikuta wazee kwenye mablanketi, na boriti zinaungua, na mikono ya mama yangu.

"Wapo wengi ambao wangeweza," nikamwambia. "Wangezaliwa hapa, wangeishi hapa, wangekufa hapa, mmoja mmoja kila mwaka, na baba yako asingemaliza hata msimu. Lakini walipelekwa Kanada."

Aliondoka akaacha kitambaa kitini. Ni kizuri, pamba tupu. Nafutia vyombo.

Asubuhi iliyofuata nilishuka Tornavaig, nikavuka kijito, nikapita benchi lao linalocheza. Nilikuwa nimebeba ndoo ya Mama, ile ya bati aliyokuwa akifulia ngomeni. Niliitundika kwenye nguzo ya lango, upande wa ndani.

"Maji yako pale chini, Aeneas," nikasema. "Anza na Mama. Anayapenda ya baridi."